Trauti na wimbi la joto: maswali yenu, majibu yetu

Barua za safari hii zinafanana kama mapacha. Wimbi la joto limedumu, mto umepungua hadi mawe yametoa migongo, na trauti, samaki huyu wa maji baridi, ama hashiki kabisa, ama anashika kisha anafia mkononi. Tumechagua nane zinazogusa mambo tofauti. Nyuzi zote tunazotaja ni za Selsiasi, na ni za joto la maji, si la hewa.

Nikunje mshipi kwa nyuzi ngapi? Mwenzangu mmoja anasema 18, mwingine 20, na yupo anayeapa kwamba hata 22 bado ni sawa.

Wote watatu wana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake. Trauti hula vizuri na huhimili mapambano maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16. Maji yakifika 18, waache trauti wa vijito, maana hao ndio wanaopenda baridi kuliko wenzao. Kwa trauti kahawia na trauti wa upinde wa mvua, 20 ndiyo mwisho: kipimajoto kikisoma 20, kunja.

Huyo wa 22 huenda amesikia sheria akaielewa vibaya. Jimbo la Montana huko Marekani, kwa mfano, huweza kuzuia uvuvi kwenye mto kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku pale joto la juu la maji linapogusa takriban nyuzi 23 kwa siku 3 mfululizo. Hicho ni kizingiti cha serikali cha kufunga mto, na mtu akikigeuza kuwa ruhusa ya kuvua kwenye 22 anajidanganya.

Sababu yenyewe ni hesabu ya oksijeni. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 hubeba takriban miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba 9.1. Ukizitazama tarakimu hizo peke yake utasema upungufu si mkubwa. Lakini samaki hana joto lake mwenyewe, hufuata la maji, na maji yakipanda nyuzi 10 mahitaji yake ya oksijeni hukaribia maradufu. Ghala limepungua kwa moja ya tano, na mlaji sasa anataka sahani mbili. Maji yakikaa kwenye 25 kwa muda mrefu, trauti hahitaji hata ndoana ili afe. Ukivua milimani hesabu inakaza zaidi: kwenye mwinuko wa mita 2,000, maji ya joto lilelile hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano.

Kipimajoto changu kinasoma 17, cha mwenzangu 20, na tumesimama pamoja. Tuamini kipi?

Msiamini hata kimoja kabla ya kuvijaribu. Jazeni bilauri barafu iliyopondwa, mimineni maji baridi hadi yajaze nafasi zilizo kati ya vipande, korogeni, subirini dakika 3, kisha tumbukizeni vyote viwili. Kilicho sawa kitasoma 0. Kinachosoma 2 si cha kutupa. Kiandikieni ubavuni "toa 2" kwa kalamu ya wino usiofutika, maisha yaendelee.

Vikisoma sawa kwenye barafu, kosa liko kwenye namna ya kupima. Maji ya ukingoni, yaliyotulia juu ya mchanga uliopigwa na jua, yanaweza kupita ya katikati ya mkondo kwa nyuzi kadhaa. Ingia hadi magotini, mahali maji yanapotembea, jikingie jua kwa kivuli chako, zamisha kipimajoto kwa dakika 2, na ukisome kikiwa bado ndani ya maji. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakivuta juu, upepo unakausha unyevu kwenye ncha, usomaji unashuka, nao wanafurahia ubaridi ambao samaki hauoni. Vile vipimajoto vya kuelekeza kwa mbali kama bunduki husoma ngozi ya juu ya maji tu, viacheni jikoni.

Pima unapofika, kisha kila nusu saa kuanzia saa 3 asubuhi. Kipimo cha kwanza peke yake hakitoshi. Ukipata 19 na jua ndiyo kwanza linapanda, hesabu kwamba umeshafika 20.

Mimi hutoka kazini saa 11 jioni. Jua likilala hewa hupoa kabisa. Kwa nini mnasisitiza asubuhi?

Kwa sababu hewa hupoa haraka na maji hayana haraka. Mto umekunywa jua mchana kutwa, na mawe ya chini yamehifadhi joto hilo. Kwa kawaida maji hufikia kilele kati ya saa 10 na saa 12 jioni, yaani ndio muda ule unaofunga fundo lako la kwanza. Baada ya hapo huanza kushuka polepole usiku kucha, na sehemu ya chini kabisa huwa karibu na macheo. Upepo mwanana wa jioni unamfariji mvuvi, haumfikii trauti. Yule wa jioni ndiye anayevua kwenye saa mbaya kuliko zote huku akijiona mwangalifu.

Ukiwa na nafasi ya siku moja tu kwa wiki, iwe alfajiri: ingia majini kukipambazuka, toka saa 3 au saa 4 asubuhi.

Kuna vighairi viwili. Cha kwanza ni mto unaotoka chini ya bwawa kubwa linalofungulia maji ya kina. Hapo maji yanaweza kuwa baridi siku nzima kwa kilomita kadhaa, na jioni yako ni halali, mradi kipimajoto kikubali. Ila ujue ratiba ya kufungulia maji, kwani mto unaweza kujaa ghafla ukiwa katikati.

Cha pili kinakwenda upande wa pili. Kwenye mto wa polepole au bwawa lenye majani mengi ya majini, mimea hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku, kwa hiyo macheo ndiyo saa ya oksijeni ndogo kuliko zote, ingawa maji ni baridi. Ukiona trauti wamesogea juu wanapumua kwa kasi karibu na uso wa maji alfajiri, usiwarushie kitu. Subiri saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, mimea ianze kazi, upime tena.

Trauti wote niliowaachia waliogelea vizuri wakaenda zao. Kesho yake nikakuta wawili wamelala chali kilindini. Nilikosea wapi?

Kuogelea si kupona. Trauti anapopigana hutumia misuli inayofanya kazi bila oksijeni, na mabaki ya kazi hiyo ni asidi inayojaa mwilini. Kuisafisha huchukua saa nyingi, na usafi huo unahitaji oksijeni ileile ambayo maji ya moto hayana. Kwa hiyo anaondoka mkononi mwako kwa nguvu za mwisho, anajibanza chini ya jiwe, na anafia huko ukiwa umeshafika nyumbani.

Anza na urefu wa pambano, maana hapo ndipo pa kuokoa. Wengi, mto ukipungua na kuwa wa kioo, hushusha tipeti (kile kipande chembamba cha mwisho kinachoshika nzi, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu) hadi 6X, yaani milimita 0.13. Kisha wanambembeleza samaki dakika 5 ili isikatike. Tumia 4X, milimita 0.18, na ukilazimika sana 5X, milimita 0.15. Kama tarakimu hizi zinakuchanganya, kanuni ni moja: toa namba ya X kwenye 11, unachopata ni unene kwa elfu za inchi. 4X ni elfu 7.

Pili, shusha fimbo. Fimbo iliyonyanyuliwa wima hupinda nchani na humvuta samaki juu, upande ambao anaweza kuubishia siku nzima. Ilaze ubavu, iwe karibu na uso wa maji, vuta kuelekea upande ulio kinyume na anakoelekea kichwa. Akigeuka, hamisha fimbo upande mwingine. Hujaribu kumchosha, unamvuruga asipate mhimili. Samaki wa sentimita 35 anapaswa kuwa wavuni ndani ya dakika moja. Ukivuka dakika 2 mara mbili mfululizo, zana zako ni nyepesi mno kwa siku hiyo.

Tatu, mikono. Bonyeza kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuanza kuvua, si baada ya kunasa. Tumia wavu wa mkono wenye matundu ya mpira. Wa uzi wenye mafundo hukwangua ute unaomkinga samaki na maradhi. Lowesha mikono. Wavu ukiwa na samaki ubaki ndani ya maji yanayotembea, na ndoana ichomolewe humohumo. Kama nzi ameingia ndani kupita taya, kata tipeti karibu na jicho la ndoana umwache aende nayo.

Hewa ndiyo muuaji asiyeshukiwa. Katika utafiti wa maabara uliochapishwa nchini Kanada mwaka 1992, trauti wa upinde wa mvua walichoshwa hadi mwisho. Waliobaki majini, asilimia 88 walipona. Waliotolewa hewani sekunde 30, walipona asilimia 62. Waliotolewa sekunde 60, asilimia 28 tu. Mto si maabara, na tarakimu zako zitatofautiana, lakini mteremko ndio huo. Kwa hiyo picha ya wimbi la joto hupigwa samaki akiwa ndani ya wavu, ndani ya maji. Usipoweza, iache.

Mwisho, unapomwachia mshike chini ya tumbo na kwenye kikonyo cha mkia, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, ukae hivyo tu. Ile kumsukuma mbele na nyuma ni mazoea mabaya: akirudi nyuma, maji hupita matamvua kinyumenyume. Usimpeleke ukingoni palipotulia ati apumzike. Huko ndiko kwenye maji ya moto. Atajichomoa mwenyewe. Akihitaji zaidi ya dakika moja kusimama sawa, huyo amekwisha kukujibu kuhusu siku hiyo, hata kama kipimajoto bado kinasoma 18.

Nimepata mahali kijito baridi kinapoingia mtoni. Mto ni 23, mdomo wa kijito 16, na trauti wamejaa kama dagaa sinia. Kipimajoto kinasema 16, kwa hiyo ni ruksa?

Hapana. Kipimajoto hakikudanganyi, ila swali halikuwa la kipimajoto. Samaki hao ni wakimbizi: wameacha kilomita nyingi za mto na kubanana kwenye eneo ambalo huenda ni mita chache tu. Ukinasa mmoja, pambano litamtoa kwenye 16 na kumpitisha kwenye 23 mara kadhaa kabla hajafika wavuni. Hata wale ambao hukuwanasa watatawanyika kwenye maji ya moto kwa kelele za miguu yako. Na ukiwaona wengi hivyo hawali, hilo si fumbo. Wako pale kupumua.

Zunguka kwa mbali, usivukie hapo, na weka alama ya mahali pale kwenye ramani yako. Kijito cha chemchemi kinachopoza mto wakati wa joto huuzuia usigande wakati wa baridi, kwa hiyo unajua pa kuanzia msimu ukigeuka. Faida ya kuigundua ni hiyo.

Kwenye ziwa, trauti wamekwenda chini. Niwafikie vipi kwa mshipi wa kuzama, na nihesabu sekunde ngapi?

Hesabu ni rahisi. Mshipi wa kuzama wa aina ya 3 hushuka takriban sentimita 7.5 kwa sekunde, wa aina ya 6 takriban 15. Ukitaka kina cha mita 6, wa kwanza uhesabie 80, wa pili 40. Rusha, acha uzi ulegee, hesabu, kisha vuta polepole kwa vidole. Ukiguswa, andika namba. Mrusho unaofuata anzia hapohapo. Usipoguswa, ongeza 10 kila mrusho. Tipeti iwe fupi, mita moja hadi moja na nusu, la sivyo mshipi utakuwa chini na nzi ataelea juu yake kama tiara.

Kuna sharti, na ni zito. Ziwa kwenye joto hujigawa matabaka: la juu la moto, la chini la baridi, na kati yao tabaka jembamba ambamo joto hushuka ghafla. Kwenye maziwa yenye rutuba nyingi, tabaka la chini kabisa huishiwa oksijeni, hivyo trauti hubaki kwenye mkanda mwembamba katikati, juu pana moto, chini hapana pumzi. Unayemnasa kwenye 14 lazima umpandishe kupitia 23 hadi kwenye wavu. Huwezi kumwachia ukategemea apone. Kama sheria za ziwa hilo zinaruhusu kuchukua, chukua wale unaoruhusiwa, waue mara moja, watoe matumbo, waweke kwenye barafu, kisha acha kuvua. Kama ni ziwa la kuachia tu, nenda ukavue kapi kwenye maji ya kina kifupi. Kapi huyastahimili maji ya nyuzi 25 vizuri, hushika nzi akimpenda, na huvuta mshipi kwa namna ambayo trauti wengi hawataifikia.

Nifunge nzi gani alfajiri, ukizingatia mnatuambia tusipunguze unene wa tipeti?

Sisimizi na mbawakawa. Kila mtu huwaza panzi joto likiingia, lakini panzi huchangamka majani yakikauka umande na jua likiwa kali, yaani saa ambazo wewe hupaswi kuwa mtoni. Sisimizi mweusi nambari 16 au 18 na mbawakawa wa povu nambari 14 huliwa tangu mapambazuko, hasa chini ya matawi yaliyoinamia maji. Kwenye mito mingi ya Amerika ya Kaskazini kuna pia triko, mdudu mdogo mno wa asubuhi ambaye hufa na kutanda juu ya maji kama vumbi. Kwake utahitaji ndoana nambari 20 hadi 24, na hapo 5X itabana kwenye tundu la ndoana. Basi achana na triko, au mvizie trauti kwa sisimizi mdogo; mara nyingi hatofautishi.

Kuhusu tipeti: samaki huogopa zaidi mshipi mnene na mvumo wa mrusho kuliko tofauti ya milimita 0.03. Badala ya kupunguza unene, ongeza urefu. Kutoka mita 2.7 ya kawaida kati ya mshipi na nzi, fika 3.7, urefu ulioongezwa uwe wa tipeti. Kisha acha vilindi vya kioo, vua mahali maji yanapopasuka juu ya mawe. Huko uso wa maji umevurugika haonekani mtu, na maji yaliyopasuka huchanganya hewa zaidi, kwa hiyo ndiko waliko wale wenye njaa.

Mshipi wangu umeanza kunata na haupiti vizuri kwenye pete za fimbo. Ni wa mwaka jana tu.

Kwanza jiulize ulipaka nini mikononi. Dawa za kufukuza mbu zenye DEET huyeyusha plastiki, na mafuta mengi ya kujikinga na jua hulainisha ngozi ya mshipi. Paka kwa mgongo wa mkono, vidole na viganja vibaki vikavu, au uvae mikono mirefu usipake kabisa. Pili, kuna mishipi iliyotengenezwa kwa ajili ya maji baridi. Ngozi yake ni laini kwa makusudi, na kwenye jua kali hulegea na kunata hata ikiwa mipya. Tatu, gari. Rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) iliyoachwa nyuma ya kioo mchana huoka mshipi ukiwa umejisokota, nayo tipeti ya nailoni hudhoofika bila kuonyesha dalili. Vuta kipande kwa mikono miwili. Kikikatika kwa urahisi, tupa tipeti yote.

Kuusafisha: toa mita 25 ndani ya beseni la maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, acha dakika 10, upitishe kwenye kitambaa kilicholowa hadi kiache kuchafuka, suuza kwa maji matupu, kausha kivulini ukiwa umelegea. Ukibaki unanata baada ya hapo, ngozi imeshaharibika na hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha.